Kwa Mamlaka Husika: Shukrani za Wavamizi wa Reli

Kwa Mamlaka Husika,
Popote ilipo ofisi yako.

Baada ya salamu na taadhima inayostahiki cheo chako, nakuarifu ya kwamba sisi raia tukaao kandokando ya reli, tangu Buguruni na Vingunguti mpaka Kibera, tumekuwa tukikutaja kwa miaka mingi bila ya kukuandikia, na hayo si katika adabu. Kila anapogongwa mtu na treni, mwenyekiti wa mtaa husimama mbele ya kipaza sauti akaiomba Mamlaka Husika ichukue hatua. Polisi huwaasa wananchi wawe waangalifu, wakaahidi kwamba taarifa itafikishwa kwa Mamlaka Husika. Na mbunge, akijaaliwa kuwahi matanga, hutikisa kichwa akasema kwamba kadhia hii hawezi kuifumbia macho, ataipeleka mwenyewe kwa Mamlaka Husika. Kwa kuwa dalili zote zaonyesha kwamba wajumbe hao hawajapata kukukuta ofisini hata mara moja, nimeona heri nikuandikie.

Wala muradi wangu si kulalamika. Naandika kukushukuru kwa hekima yako katika ilimu ya hesabu, maana wewe ndiwe uliyegundua namna ya kumhesabu maiti asigharimu kitu. Mtu akifa ndani ya treni, hiyo ni ajali, na ajali huundiwa tume, ikatolewa rambirambi, ikaulizwa nani mzembe. Akifa mbele ya treni ileile, hatua chache kutoka mlangoni pake, huyo ni mvamizi, na mvamizi ameyataka mwenyewe. Sheria za Tanzania na za Kenya zote mbili zamkataza mtu kuingia katika njia ya reli pasipo ruhusa. Basi marehemu huhesabiwa kuwa amekufa katikati ya kutenda kosa, na lililomwokoa na hakimu ni mauti tu. Lau kama wizara nyingine zingejifunza kwako, hospitali zingewaita wagonjwa wavamizi wa vitanda, na takwimu za nchi zingependeza sana.

Nakiri kwamba wavamizi wenyewe ni watu wa kustaajabisha. Wengi wao huvamia na beseni la mihogo kichwani. Wengine huvamia wakiwa na sare za shule, asubuhi wakienda na mchana wakirudi, maana nyumba i upande huu, na darasa, soko, zahanati na bomba la maji vi upande wa pili, na aliyepanga mambo hayo hakuwa mama muuza mihogo. Ukiitazama historia utaona jambo la ajabu zaidi. Wadachi walipoanza kutandika mataruma Dar es Salaam mwaka 1905, wakayafikisha Kigoma mwaka 1914, na Waingereza walipoianzisha yao Mombasa mwaka 1896 wakaifikisha Kisumu mwaka 1901, mahali kadhaa ilitangulia reli ukafuata mji. Nairobi yenyewe, ilipofikiwa na reli mwaka 1899, ilikuwa tope na majani. Watu waliitwa na reli waje wafanye kazi, wakaja, wakazaa, wakajenga palipobaki nafasi. Leo reli inawauliza nani aliyewaleta.

Nisije nikadhaniwa kwamba namdharau mvamizi kwa kuwa ni mnyonge, niruhusu nikukumbushe mvamizi mmoja mwenye hadhi. Tarehe 15 Septemba 1830, siku ilipofunguliwa reli ya Liverpool na Manchester huko Uingereza, abiria waliombwa wasishuke treni itakapotua Parkside kuongeza maji. Wengi walishuka, na miongoni mwao alikuwamo William Huskisson, mbunge wa Liverpool, aliyewahi kuwa waziri wa vita na makoloni, ambaye alitembea juu ya reli kwenda kupeana mkono na Duke of Wellington, waziri mkuu wa wakati huo. Treni ya pili, ikivutwa na kichwa kiitwacho Rocket, ikamponda mguu, naye akafa usiku uleule. Alikatazwa akashuka, alisimama relini, alichelewa kuondoka: hakukosa hata sharti moja katika masharti ya uvamizi. Walakini, kwa kuwa alikuwa mheshimiwa, pale alipoangukia pakajengwa ukumbusho, na jina lake likabaki katika historia ya reli. Aliyekuwa akiiendesha Rocket, kijana mhandisi Joseph Locke, sijasoma popote kwamba aliulizwa hali yake. Baadaye akawa mhandisi mashuhuri na mbunge yeye naye, jambo ambalo madereva wetu hawajalijaribu.

Wala usidhani kwamba hatuoni juhudi zako. Reli ya kisasa ya kutoka Mombasa hadi Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 2017, ilipopita Tsavo ilijengewa njia za chini ili tembo wavuke wende kunywa maji wasigongwe, na ilipoendelezwa kuelekea Naivasha ikainuliwa juu ya nguzo katika mbuga ya Nairobi ili twiga asiiname. Jambo jema, nami ni katika wanaowapenda tembo. Ila umegundua ya kwamba tembo avukapo reli kufuata maji ni mnyama mwenye njia zake za asili, zilizokuwapo kabla ya reli, na mwanadamu avukapo reli kufuata maji ni mhalifu. Kibera, nasema kwa insafu, mlijenga ukuta na nyumba kwa msaada wa Benki ya Dunia mkawahamishia baadhi ya watu. Na reli mpya ya Dar es Salaam, iliyoanza kubeba abiria Juni 2024, imewekewa uzio na vivuko, kwa kuwa treni yake hufika kilomita 160 kwa saa. Kumbe ilimu unayo. Yaelekea reli ya zamani, ile ya upana wa mita moja ipitayo katikati ya mabanda yetu, ndiyo iliyoachwa ijitegemee kwa mabango.

Sasa nije kwa mtu ambaye katika kadhia hii hakuna amtajaye, si mwenyekiti, si polisi, si mbunge: dereva.

Madhali huenda hujapata kukaa katika kichwa cha treni, nikueleze. Treni ya mizigo iendayo kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde. Dereva afungapo breki ya dharura, hewa hutoka katika bomba refu lililounganisha mabehewa yote, nayo yakaanza kushika moja baada ya moja mpaka la mwisho. Na kwa kuwa ni gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma, jambo lililofanya treni iwe nafuu kuvuta ndilo lilelile liifanyalo isisimame. Itasimama, ndiyo, baada ya mamia ya mita, na mzigo ukiwa mzito hata kilomita nzima na zaidi. Usukani hana. Katika muda ule kazi iliyobaki kwake ni mbili: kupiga honi na kutazama. Mvamizi naye, ukimuuliza kama ana wazimu, hana. Jicho la binadamu humdanganya mbele ya kitu kikubwa, kama alivyoandika mwanasaikolojia Herschel Leibowitz mwaka 1985, likakiona kinakuja polepole kuliko kasi yake ya kweli. Hivyo mmoja hawezi kusimama, na wa pili anaamini nafasi ipo.

Yupo mzee mmoja, dereva aliyestaafu, ambaye hukaa nasi barazani baada ya sala ya alasiri. Ni mtu wa maneno machache, na kwa miaka mingi tulidhani ndiyo tabia yake. Siku alipotusimulia alivyomgonga mtu, alisema kwamba kishindo hakukisikia, kwa kuwa treni ina makelele yake, wala damu hakuiona. Alichokiona ni kijana aliyegeuka nyuma aliposikia honi akamkunjia uso, kama mtu akerwaye na daladala inayompigia honi yuko pembeni, kisha akaongeza hatua moja. Uso ule uliokunjwa kwa kero, si kwa hofu, ndio alionao mpaka leo. Treni iliposimama, yeye na gadi walirudi nyuma kwa miguu na tochi, wakipita juu ya kokoto kando ya mabehewa yao wenyewe, na safari ile, alisema, ni ndefu kuliko ya Kigoma. Walikuta ndala moja imekaa sawasawa juu ya taruma, kama iliyovuliwa mlangoni. Wakangoja polisi. Watu wakakusanyika, na wenye hasira, kwa kuwa ofisi yako haijulikani iliko, hawakuwa na wa kumtupia jiwe ila yeye.

Alipofika stesheni aliulizwa: alikuwa na kasi gani, alipiga honi, alifunga breki wapi? Akajibu yote kwa usahihi. Akaambiwa hana kosa, na hiyo ndiyo dawa pekee aliyopewa. Kisha akakumbushwa kuwa treni imechelewa, akapanda akaiendesha. Nyumbani nako walimwambia ni kadari ya Mwenyezi Mungu, naye ni Mwislamu hakubisha, ila alitwambia kwamba mkono uliokuwa juu ya breki haukuwa wa kadari, ulikuwa wake. Wapo marehemu wengine ambao hawakupita kwa haraka ya soko bali walikwenda relini kwa huzuni zao. Hao nawaombea rehema na sina neno juu yao, isipokuwa kwamba dereva hajui yupi ni yupi, na humbeba kila mmoja kwa uzito uleule.

Bara Hindi, walikotoka maelfu ya vibarua waliotujengea reli ya Mombasa, kamati iliyoongozwa na Anil Kakodkar ilikadiria mwaka 2012 kwamba watu takriban 15,000 hufa kila mwaka kwa kuvuka reli isivyo halali, kiasi cha 6,000 kati yao katika treni za mji wa Mumbai peke yake, wala kamati haikuona haya kuyaita mambo hayo machinjo. Lakini kabla ya kamati kusema, huko Wadala, ndani ya Mumbai, walifanya jambo dogo mnamo mwaka 2010: walipaka baadhi ya mataruma rangi ya manjano ili jicho lipate kipimo cha kasi ya treni, wakawaelekeza madereva wapige honi fupi mbili mahali pa mlio mmoja mrefu, na pahali pa bango lenye maandishi wakaweka picha ya uso wa mtu anayegongwa. Vifo pale vikapungua sana. Nisamehe kwa kuitaja rangi. Najua bajeti ya rangi imekwisha katika kuandika HATARI. Marekani nako, ambako wavamizi hufa kwa mamia kila mwaka na sheria ni kali, Kongresi iliagiza mwaka 2008, na kanuni ikatoka mwaka 2014, kwamba makampuni makubwa ya reli yawe na mpango wa kumhudumia mfanyakazi aliyeshuhudia mauti ya namna hii, ikiwamo kumpumzisha kazini kwa muda uliobaki wa zamu ile. Nchi isiyomhurumia mvamizi imemkumbuka dereva. Hata katika ukali wapo waliotutangulia.

Naomba, basi, machache, na yote ni ya karani tu. Katika fomu ya maswali aulizwayo dereva, baada ya honi na breki, liongezwe swali moja: Wewe u hali gani? Siku ya mkasa treni iletewe dereva mwingine, hata kama mahindi yatachelewa Tabora. Waliokufa waandikwe katika daftari moja lisomwalo hadharani kila mwaka, lenye jina, umri, na mahali, ili ijulikane ni kipande gani cha reli kinachokula watu. Kwani naamini si reli yote, ni vivuko vichache vinavyofahamika na kila mtoto wa mtaani. Na daraja likijengwa, lijengwe pale watu wanapovuka, lenye taa, mteremko wake umwezeshe mwenye beseni na mwenye fimbo. Si kule mbali ambako mhandisi alipata nafasi ya kuegesha gari lake, ngazi zikawa makao ya vibaka, kisha tukaambiwa daraja tumejengewa tumelikataa.

Ikiwa ofisi yako itaona kwamba maombi haya yahitaji upembuzi yakinifu, usiingie gharama ya mshauri kutoka ng'ambo. Njoo mwenyewe saa kumi na mbili asubuhi, simama upande wa soko, uitazame njia iliyochongwa na nyayo katika ukingo wa tuta mpaka udongo ukang'aa: hapo ndipo penye ramani ya daraja lako. Ila kuja upande wetu itakubidi uvuke reli, maana hakuna namna nyingine. Na fahamu ya kwamba tangu unyanyue mguu kuikanyaga ile kokoto, kwa mujibu wa sheria yako mwenyewe, utakuwa mvamizi, na dereva wa saa hiyo hatakutambua kwa cheo.

Wako mtiifu,
Mkazi wa ng'ambo ya reli.