Mtego wa Begani

Risasi yangu ya kwanza nchini Marekani ilipata tairi la gari la shemeji.

Ilikuwa Novemba, kando ya njia ya kokoto katikati ya misonobari, mwendo wa saa nzima kutoka Missoula, Montana. Kifyatulio sikukigusa. Kile kifungo cha kuzuia risasi, ambacho sisi Wakongo tunakiita sekirite, kilikuwa mahali pake. Nilikitazama mara mbili, kama mtu anayerudi kuusukuma mlango aliokwisha kuufunga. Nilichofanya ni kukipiga kitako kofi ili theluji idondoke. Mtutu ulikuwa unatazama chini, na chini palikuwa na tairi. Ukalia mlipuko mmoja, kukawa kimya, halafu tairi likaanza kutoa pumzi, sssss, bila haraka yoyote, kama mama mkwe anayejiandaa kusema jambo.

Shemeji akalitazama tairi. Akanitazama mimi.

“Shemeji,” akasema, “huyo si kulungu.”

Spea tulikuwa nayo. Jeki hatukuwa nayo. Baada ya muda akapita mzungu mmoja na gari lake, akasimama, akatoa jeki bila kuombwa, akauliza tumepatwa na nini. Tukasema jiwe. Akainama, akaweka kidole kwenye tundu, akasema, “Jiwe la kalibre gani?”

Mimi ni mtu wa Kibua. Ukitoka Masisi-centre ukapita Nyabiondo, ukaendelea kushuka kuelekea Walikale, utafika kwetu, kama njia itakubali na mvua itakubali na watu wenye vizuizi watakubali. Kule tuliwinda. Babu yangu alikuwa mtu wa mitego. Alichagua mti mchanga, akaupinda hadi chini, akafunga kitanzi cha waya wa breki ya baiskeli, akaushikilia mti wote huo kwa kijiti kimoja kisichozidi kidole. Mboloko, paa mdogo yule wa kilo tano hivi, akikanyaga, kijiti kinachomoka na mti unarudi juu na mboga yako. (Ndiyo maana kwetu baiskeli zilikuwa nyingi na breki zilikuwa porini.) Siku za wavu tulitoka wengi, na mbwa wetu, ambao hawana desturi ya kubweka, tuliwavalisha kengele za mbao shingoni ili tujue wamefika wapi.

Babu alikuwa pia na kalibre 12, ya mtutu mmoja, inayokunjika katikati kama panzi aliyevunjika mgongo. Kibali chake alikitunza ndani ya Biblia. Haikuwa na sekirite ya kuaminika, pengine iliwahi kuwa nayo zamani. Aliibeba imefunguliwa, imelala juu ya mkono, mtu yeyote akaweza kuona mbingu kupitia ndani ya mtutu. Risasi mbili zilikaa kwenye mfuko wa shati. Nilipomuuliza mbona haifungi, alipapasa kifua chake, akasema: “Sekirite yangu ni hii hapa. Mfuko.”

Nilikuwa na miaka saba hivi. Machi 1993 vita vikawaka kuanzia soko la Ntoto, na tangu hapo mtu wa Kibua akikutwa na bunduki haulizwi anawinda nini, anaulizwa ni wa kundi gani. Babu aliizika ile kalibre 12 chini ya shina la mgomba. Hadi leo haijatolewa. Huenda imeshachipua.

Kwa hiyo mnaweza kuelewa kwa nini mama watoto hakufurahi. “Tumekimbia bunduki kutoka Kibua mpaka Goma,” alisema, “kutoka Goma mpaka Bunagana, kutoka Bunagana mpaka kambi ya Nakivale, tukapanda ndege. Leo unaniletea bunduki mlangoni, umeifunga mkanda kwenye kiti cha gari kama mgeni wa heshima.” Sikuwa na jibu la maana. Ukweli ni kwamba hapa Missoula, ambako Wakongo wa kwanza tulifika mwaka 2016, vuli ikiingia watu hawasalimiani tena kwa hali ya hewa. Kazini wanaulizana: umepata kulungu wako? Nilichoka kujibu hapana. Na nilikuwa na hamu ya nyama iliyokaushwa kwa moshi, ile inayolala ndani ya sombe ya majani ya muhogo usiku kucha na asubuhi inatawala sufuria.

Nasema kulungu kwa kukosa neno jingine. Kulungu wetu anazaliwa, anaota pembe, anazeeka nazo. Huyu wa huku anaziangusha kila mwaka na kuota mpya, kama mtu anayebadilisha simu. Shemeji anasema mnyama mwenye mali ya kutupa hivyo hawezi kuwa ndugu ya kulungu wa Kongo.

Montana kwa kawaida haimpi leseni ya kwanza ya kuwinda mtu aliyezaliwa baada ya Januari 1, 1985, mpaka asome usalama wa bunduki. Mimi ni wa 1986. Kwa kosa hilo la wazazi wangu niliketi kwenye viti vidogo pamoja na watoto wa miaka kumi na mmoja, mwanafunzi pekee mwenye ndevu. Mwalimu, mama mpole mwenye sauti ya katekista, aliuliza nani amewahi kuwa karibu na bunduki. Mikono yote ikapanda, na wangu nao. Akanigeukia kwa furaha: “Vizuri sana! Ya aina gani?” Nikaushusha mkono wangu polepole.

Nilifaulu. Nikanunua koti lisilo na mikono la rangi ya chungwa, linalotakiwa na sheria, ambalo ukilivaa Kibua utaonekana Masisi. Bunduki yenyewe niliinunua iliyotumika, kwa mtu aliyekuwa anauza vitu vyake uani: mashine ya kukata majani, kitanda cha mtoto, bunduki. Kitanda cha mtoto ndicho alichokihofia zaidi. Alinionya mara tatu kwamba skrubu moja imelegea.

Baada ya mambo ya tairi nilitembea na maneno yangu. Jumapili, misa ilipokwisha, nilikilaani kiwanda kilichoitengeneza ile bunduki mbele ya Wakongo wote waliokuwepo. Nilisema viwanda vya siku hizi havina adabu. Nilisema nitaandika barua. Jumatatu nikaipeleka bunduki kwa fundi, mzee mmoja ambaye karakana yake iko chini ya nyumba yake. Akaifungua mbao, akauweka ule mtambo mdogo chini ya taa, akanyamaza. Akaunusa. Akauonyesha kwangu kwa ncha ya kijiti cha kiberiti.

“Hii nyekundu ni nini?”

Ilikuwa mawese.

Naomba nieleweke. Babu alipaka mawese kwenye kalibre 12 yake na haikuwahi kulalamika. Shemeji alikuwa ameleta dumu kutoka Boise, mawese mazuri, yenye harufu ya nyumbani. Bunduki mpya nyumbani, nani asingeipaka mafuta? Niliyamimina kwa ukarimu. Lakini Kibua haijawahi kufika nyuzi kumi chini ya sifuri. Mawese huganda hata ndani ya kabati la jikoni, sembuse mlimani Novemba. Mle ndani yalikuwa yamekuwa ulimbo.

Fundi alikuwa na subira. Alichora kwenye kipande cha boksi: hapa ni pini, imevutwa nyuma ikikandamiza springi kali inayotaka kuirudisha mbele. Kinachoizuia ni kijichuma kimoja kidogo, kama jino. Kifyatulio kazi yake ni kuliondoa hilo jino tu. Nikaangalia ule mchoro, nikahisi naufahamu. Mti uliopindwa. Kijiti kisichozidi kidole. Ulikuwa mtego wa babu, umefupishwa, umepakwa rangi nyeusi, na mimi nilikuwa nimeubeba begani ukiwa umeshategwa, nikapanda nao mlima huku nikipiga soga. Mawese yalilizuia jino lisirudi mahali pake sawasawa, likashikilia kwa ukingo tu. Isitoshe, ukingo wenyewe ulikuwa umelika tangu enzi za mwenye kitanda. Na sekirite? Sekirite ya bunduki ile, fundi alieleza, ilikuwa inazuia kifyatulio peke yake. Jino na pini ilikuwa haina habari nazo. Ni kama umemfungia mbuzi lango, na mbuzi mwenyewe yuko nje.

Alikataa kunirudishia ikiwa vile. Nikalipa, nikamwomba asiseme neno juu ya mawese akikutana na Mkongo yeyote. Jina la kile kiwanda silitaji tena, nadhani mnaelewa.

Si kwamba viwanda havikosei. Aprili 2014 Remington iliziita zirudi kiwandani bunduki zake za Model 700 na Model Seven zenye mtambo wa kufyatulia uliotengenezwa kuanzia Mei 2006, kwa kuwa baadhi zingeweza kulia bila mtu kutaka. Sababu waliyoitoa wenyewe ni gundi iliyozidi wakati wa kuunganisha. Niliposoma hivyo nilifarijika sana. Wao gundi, mimi mawese.

Basi tukaenda dukani, mimi na shemeji, kutafuta bunduki ya kuaminika. Kijana wa duka alikuwa anaijua kazi yake. Nilimwambia sitaki kujua inapiga umbali gani, nataka kujua inanyamaza vipi. Akafurahi, akaanza kunitolea moja baada ya nyingine. Hii sekirite yake iko pembeni, inazuia kifyatulio. Nikasema hiyo naijua, nimekutana nayo. Hii ina nafasi tatu, na inaishika pini yenyewe, mtindo wa Mauser wa mwaka 1898: ukiisukuma nyuma kabisa inafunga na komeo pia, ukiiweka katikati komeo linafunguka ili utoe risasi huku pini bado imeshikwa. Huo ndio ufundi niliouheshimu, kwa sababu kuna bunduki zilizotengenezwa zamani ambazo huwezi kutoa risasi mpaka kwanza uondoe sekirite, yaani ili kuwa salama lazima uanze kwa kuwa hatarini. Aliyebuni jambo hilo angefaa kazi ya uhamiaji.

Nilikuwa karibu kuichukua ile ya nafasi tatu. Kijana akataka kunionyesha nyingine, akaisukuma sekirite yake: KLAK.

Waliniambia baadaye kwamba sikutoa sauti yoyote. Shemeji anasema alinigeukia kuniuliza bei, akakuta nafasi tupu. Nilikuwa nyuma ya rafu ya viatu vya theluji, nimelala kifudifudi, mikono kichwani, boksi la namba 44 mgongoni. Klak ile ni ya Kalashnikov, wenye masikio ya Masisi wanaijua. Ajabu ni shemeji: aliponikuta kule nyuma ya rafu, na yeye alikuwa amechuchumaa.

Nilipoinuka macho yangu yakaangukia ukutani, kona ya mwisho, penye bunduki za bei ya chini ambazo hakuna anayeziuliza. Moja ilikuwa imekunjwa katikati. Panzi aliyevunjika mgongo. Ya risasi moja tu, yenye nyundo ya nje ambayo unaivuta mwenyewe kwa kidole gumba, unaiona ikiwa juu, unaiona ikiwa chini. Nikaifungua, nikaiinua, nikaona taa ya duka kupitia mtutu. Kijana akaniambia hiyo wengi wanawanunulia watoto wanaoanza. Nikamwambia nimesoma na hao watoto, ni watu makini.

Ikabaki fomu. Dukani unajaza fomu ya serikali kuu, kisha wanauliza FBI kama una kesi. Maswali mengi yalikuwa mepesi mpaka nikafika kwenye lile linalouliza kama wewe ni “fugitive from justice”. Neno la kwanza nilikuwa silijui, nikalitafuta kwenye simu. Simu ikajibu: mkimbizi. Mkimbizi wa haki! Miaka yote, kuanzia Nakivale hadi dirisha la uwanja wa ndege, swali hilo nimelijibu ndiyo, na kila nilipojibu ndiyo nilipewa kitu: blanketi, maharage, karatasi. Nikaiweka kalamu kwenye ndiyo kwa moyo mweupe. Shemeji aliudaka mkono wangu angani kama anayedaka nzi. “Hapana,” akanong’ona, “huyo ni mkimbizi mwingine. Huyo anakimbia polisi.”

Mama watoto aliipokea ile bunduki kwa sharti moja: yenyewe ilale kabatini na kufuli, na risasi zote zilale kwenye sanduku lake la vitenge, ufunguo uwe kwake. Nikakubali. Mtego huku, kijiti kule. Hata babu angeipenda hesabu hiyo.

Jumamosi iliyofuata tulikuwa mlimani kabla jua halijatoka. Niliibeba imefunguliwa, imelala juu ya mkono, na nilijisikia mtu wa ukoo. Saa mbili hivi shemeji akanigusa bega. Dume. Hatua arobaini, pembe kama tawi la mpera, amesimama ubavu wazi, anatafuna.

Nikapeleka mkono kwenye mfuko wa shati. Hapo nikagundua tofauti kati yangu na babu. Babu alivaa shati moja. Shati langu lilikuwa chini ya sweta, sweta chini ya jaketi, jaketi chini ya lile koti la chungwa. Nikafungua zipu ya kwanza, zzzip. Dume akainua kichwa. Nikafungua ya pili. Akasogea kidogo, nadhani ili aone vizuri. Nilipofika mfukoni vidole vilikuwa vimekufa ganzi, lakini nilikigusa kitu chembamba, cha mviringo, kigumu. Nikakitoa, nikakitia kwenye mtutu. Kilikuwa kinalegea. Nikakitazama.

“Shemeji,” shemeji akanong’ona, “unataka kumpaka mafuta ya midomo?”

Nikapapasa jaketi, nikapapasa suruali, nikapata funguo, karanga, risiti ya jeki. Dume alitazama mpaka mwisho, akageuka, akaenda zake kwa miguu, hakukimbia hata.

Tulipofika kwenye lami simu ikapata mtandao. Nikampigia mama watoto.

“Ziko hapa,” akasema, kabla sijauliza. “Zote ishirini. Nimezihesabu asubuhi.” Nikasikia mfuniko wa sanduku ukifungwa. “Kuku nimeshamtoa kwenye friza.”