Kanjo wa Ghorofa ya Nne

Mtaa wetu wa Umoja, Nairobi, ulipojengwa miaka ya 1970 kwa mkopo wa Wamarekani, nyumba zilikuwa za chini, kila moja na kiwanja chake kidogo ambapo mwenyewe angeongeza vyumba pesa zikipatikana. Vyumba viliongezwa kweli, lakini vikaenda juu. Leo hapa Innercore ghorofa zimebanana hadi jua linafika chini saa sita tu, na udongo umefunikwa kwa simiti mpaka mlangoni. Watu wamezoea. Paka hawezi kuzoea, kwa sababu akishikwa na haja hutafuta mahali pa kuchimba, na kwenye ghorofa ya nne hakuna pa kuchimba.

Paka wetu tulimleta kwa ajili ya panya. Walikuwa wakipanda kwa mabomba ya maji taka, wakila sabuni, wakitoboa gunia la njahi. Wale vijana wanaopita na spika wakitangaza dawa ya panya, mende na kunguni walikuwa wameuzia kila mlango wa ploti yetu, na bado panya walikuja. Tofauti ni kwamba sasa walifia nyuma ya kabati. Sipendi mzaha na panya. Jiji hili linawajua: mwaka 1902 tauni ilizuka katika mtaa wa maduka ya Wahindi hapo mjini, na wakubwa wa wakati huo wakauteketeza mtaa wote kwa moto. Kwa hiyo mwenye bucha mmoja wa soko la Mutindwa aliponiambia kwamba paka wake amezaa chini ya kaunta, nilirudi nyumbani na dume mdogo wa kijivu mwenye kifua cheupe, ndani ya kiondo. Watoto walimwita Kanjo, kama askari wa jiji, siku hiyohiyo. Alipoingia jikoni, kila mwenye biashara haramu alikusanya vitu vyake na kutoroka.

Choo chake kilikuwa beseni la plastiki lililopasuka ukingoni, ambalo mume wangu alilikata upande mmoja ili kitoto kiweze kuingia. Swali lilikuwa cha kuweka ndani.

Tulianza na jivu. Mama wa chapati hapo chini hupika kwa jiko la makaa, na alitupa ndoo nzima bure. Kanjo alichimba, akafukia vizuri, kisha akapita juu ya vitambaa vyeupe vya makochi, vile vya kufumwa kwa mkono nilivyopewa siku ya harusi, na kuacha nyayo kutoka kochi la kwanza hadi la mwisho. Nyayo za namna hiyo ndizo zilizozaa biashara nzima ya mchanga wa paka duniani. Januari 1947, katika mji mdogo wa Cassopolis huko Marekani, mama mmoja alichoka na jivu la paka wake. Mchanga alioutumia zamani ulikuwa umeganda kwa baridi. Akamwendea jirani yake, kijana Edward Lowe, ambaye biashara ya baba yake iliuza vumbi la mbao na udongo mkavu wa kufyonza mafuta yaliyomwagika viwandani. Lowe akampa udongo. Mama yule akarudi kutaka mwingine, marafiki zake nao wakautaka, na Lowe akawa tajiri. Udongo wa aina hiyo unauzwa hata Nairobi, lakini katika supamaketi za upande ule mwingine wa jiji, na kwa bei ambayo kwetu ni mboga ya siku kadhaa.

Basi tukahamia mchanga wa mjengo. Mtaani kwetu hakosekani mtu anayejenga, na lori za mchanga kutoka Machakos humwaga mzigo kandokando ya barabara. Paka wote wa mtaa wanaujua mchanga huo. Usiku huwa ni choo chao cha umma, asubuhi watoto wanachezea humohumo, jambo linaloniuma kila ninapopita. Fundi aliniruhusu nichote ndoo. Mchanga ulikuwa safi na Kanjo aliupenda, ila ni mzito kuupandisha ngazi, na haunyonyi. Mkojo hushuka hadi chini ya beseni na kukaa hapo. Kwenye nyumba ya vyumba viwili, harufu hiyo haina pa kwenda.

Kilichotufaa ni maranda. Mafundi wa vitanda huyarundika nje ya karakana zao, na wanaofuga kuku ndio wateja wao wakubwa. Nilichagua mwenyewe, kwa mkono: maranda mazito ya mbao mpya isiyopakwa dawa wala rangi, kwa sababu vumbi laini huingia puani mwa paka na mwa mtoto, na mbao zilizotiwa dawa ya mchwa zina sumu. Maranda ni mepesi, yananyonya, na yananukia msitu. Kanjo aliyanusa, akaingia, akazunguka, na nyumba nzima tukasimama mlangoni mwa bafu tukimtazama. Alipomaliza kufukia, binti yangu alipiga makofi.

Kuhusu bafu nitaeleza, maana ndiko mambo yalikoharibikia. Nyumba zetu hazina kona nyingi. Binamu yangu aliyeko Leeds hufuga ferret, kicheche wa Ulaya ambaye tangu kale wazungu humtumia kuwinda sungura. Aliniambia kwa simu kwamba mnyama wake hurudi kinyumenyume hadi kwenye pembe ya chumba, hujisaidia hapo na hafukii chochote. Kazi ya mfugaji ni kutazama amechagua pembe ipi, kisha kuweka beseni papo hapo. Nikamsikiliza kwa makini. Paka naye hupenda pembe, kwa sababu akiwa amechuchumaa anataka mgongo ulindwe na macho yaone mlango. Pembe pekee iliyobaki kwetu ilikuwa bafuni, kati ya ukuta na mitungi ya maji.

Mama mkwe akaja Ijumaa. Kanisani kulikuwa na sherehe ya Gildi, chama cha akina mama, Jumapili, na alikuja na sare yake imekunjwa katika mfuko wa kitambaa. Anatoka Gatanga, karibu na bwawa la Ndakaini linalonywesha sehemu kubwa ya Nairobi, na kila akija kwetu hushangaa vipi maji yanayopita shambani kwake hayafiki kwa mwanawe. Wiki hiyo zamu yetu ya maji ilikuwa imeruka. Tulinunua kwa mkokoteni, tukajaza kila mtungi, na mitungi ikafunika beseni la Kanjo nusu nzima. Juu ya hayo, mlango wa bafu ulifungwa muda mwingi, kwani wageni huoga.

Jumamosi jioni niliingia chumbani nikakuta mama mkwe amesimama, kitambaa cha kichwa cha Gildi mkononi, amekinyoosha mbali na uso. Hakuwa na haja ya kunieleza. Mkojo wa paka dume hauhitaji maelezo.

“Huyo nyau arudi alikotoka,” alisema. “Usiku huu.”

Kijana wangu wa kwanza alikimbilia chupa ya dawa ya kung'arisha nguo. Nikamzuia. Mkojo una amonia, na ukiichanganya na dawa ile hutoka hewa inayochoma mapafu. Tena harufu inayobaki humwita paka arudi palepale. Nilitumia siki nyeupe na maji kidogo tuliyokuwa nayo, nikaloweka, nikasuuza, nikaloweka tena, kisha sabuni ya kipande. Nilikianika juu ya paa kwenye kamba yetu, na asubuhi kilikuwa kimekauka na hakinuki. Mama mkwe alikinusa mara kadhaa. Alikivaa. Kuhusu Kanjo hakubadili neno, na keateka wa ploti, aliyekuwa amesikia yote kutoka kwenye ngazi, alisimama mlangoni na gunia. “Mama, mimi nitampeleka upande wa jaa la Dandora, huko kuna chakula kingi cha paka.”

Nilimshukuru, nikamwambia gunia aliache hapo nje. Sababu haikuwa huruma peke yake. Kanjo hakuwa paka wa kukojoa ovyo. Kwa miezi mingi alikuwa ametumia beseni lake bila kukosea, hata siku ambazo lilikuwa limezibwa alingoja na kulia mlangoni. Paka anayeacha choo chake anakwambia kitu. Nilikaa bafuni nikamtazama. Aliingia kwenye maranda, akachuchumaa, akakaza mwili, akalia kwa sauti nyembamba ambayo sijawahi kumsikia nayo, na maranda yakabaki makavu. Akatoka, akarudi, akachuchumaa tena.

Nilimtia kwenye kiondo, nikapanda matatu ya Jogoo Road Jumapili hiyohiyo wakati wenzangu wanaelekea kanisani. Daktari wa mifugo alimbonyeza tumbo akapata kibofu kigumu kama limau. Aliniambia bila kuzunguka: njia imeziba kwa chembechembe zinazotokana na mkojo mzito, na dume aliyeziba anaweza kufa ndani ya siku mbili au tatu, kwa sababu sumu inayopaswa kutoka hurudi kwenye damu. Alimpa dawa ya usingizi, akapitisha mrija mwembamba, na mkojo wenye damu ukatoka. Nililia hapo kliniki na sioni haya kuandika hivyo.

Maelezo aliyonipa nimeyarudia kwa kila mfugaji wa ploti. Paka wote wa nyumbani wametokana na paka-mwitu wa nchi kavu za Afrika Kaskazini na Mashariki ya Kati. Mwili wa paka umejengwa kuishi kwa maji machache: kiu yake ni ndogo, mkojo wake ni mzito, na ndiyo maana unanuka vile. Jangwani maji mengi aliyapata ndani ya nyama ya windo lake. Sisi huku Umoja tunampa omena wakavu na bakuli la maji ambalo siku ya mgao tunasahau kulijaza. Kwa dume, ambaye njia yake ni nyembamba kuliko ya jike, hapo ndipo hatari huanzia. Na akishaumia akiwa kwenye beseni, huanza kuamini kwamba beseni ndilo linalomuumiza, akatafuta mahali laini kwingine. Kitambaa cha Gildi kilikuwa laini.

Kanjo alirudi nyumbani baada ya siku chache. Tuliloweka omena, tukachanganya na vipande vya matumbo na mchuzi usio na chumvi wala kitunguu. Bakuli la maji likawa la kwanza kujazwa mkokoteni ukifika, kabla ya sufuria yoyote. Baadaye alihasiwa, ili asianze kurusha mkojo ukutani kutangaza mipaka. Na beseni jipya, kubwa zaidi, liliwekwa kwenye pembe ya veranda ambako hakuna mlango wa kufungwa. Lile la bafuni lilibaki pia, likasogezwa mbali na mitungi. Mwanzoni alikataa yote mawili. Nilibadilisha maranda yote, nikaosha plastiki kwa maji moto na sabuni, na sikumshika kumpeleka kwa nguvu hata mara moja, wala sikumruhusu yeyote amsukume pua kwenye kosa lake kama watu wengi wanavyofanya. Paka aliyeaibishwa hujifunza kujificha tu. Asubuhi moja nilikuta kirundo kizuri cha maranda kwenye kona ya veranda, na mkojo wa kutosha chini yake. Nilimpigia simu mama mkwe.

Wakati huo dada yangu mdogo alikuwa na mimba na alikuja kukaa nasi, na maneno yakaanza upya. Wengi wanaamini kwamba unyoya wa paka ukiingia tumboni mwanamke hazai. Unyoya hauna hatia. Hatari ya kweli ni kijidudu kinachoitwa toksoplazma, ambacho paka anayekula panya anaweza kukitoa katika kinyesi, na ambacho kinaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Lakini kinyesi kikitoka kinahitaji siku moja au zaidi kabla mayai ya kijidudu hayajaweza kuambukiza, hivyo beseni linalosafishwa kila siku hupunguza hatari sana. Dada yangu hakuligusa. Kijana wangu ndiye aliyekuwa zamu, kwa glavu na sabuni. Kijidudu hichohicho hupatikana kwenye nyama isiyoiva vizuri na mboga zisizooshwa, na kuhusu hilo nilikuwa mkali zaidi, kwa maana anapenda nyama choma yenye damu.

Kuhusu taka zenyewe tulizungumza na keateka. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku tarehe 28 Agosti 2017, mambo ya kufunga uchafu yamekuwa na kazi yake: tunafunga kwa gazeti, tunatia kwenye ndoo yenye kifuniko, na vijana wa taka wanachukua siku yao. Hakuna kumwaga chooni, kwani maranda huziba mabomba na ploti nzima itajua ni nani.

Mama mkwe alikuja tena Desemba. Alisema panya wameingia kwenye ghala la mahindi yake, na akauliza kama mwenye bucha wa Mutindwa bado ana paka. Sasa kuna mwenziwe Kanjo kule Gatanga, anayejisaidia shambani bila shida ya mtu. Na nyumba tatu za ghorofa yetu zina paka, kwa hiyo tunachangia gunia moja la maranda. Fundi amegundua kwamba tunayahitaji, na wiki iliyopita alitaka kututoza bei ya wafugaji wa kuku. Jumamosi tunaenda kuongea naye.