Safu ya Bwana Nasaha: Kilichoshikwa na Mwenzio

*Bwana Nasaha, assalamu alaykum. Nilikwenda Mtaa wa Biashara, hapa Mombasa, nikaigeuzageuza leso moja ya rangi ya samli, nikairudisha. Sijavuka kizingiti, mwanamke mwingine akaishika. Nilirudi mbio nikainunua kwa bei aliyoitaja mwenye duka, bila ya kubembeleza. Sasa imo kabatini na siipendi. Je, nimerogwa? — Bi. Majuto*

Wa alaykumu ssalaam, Bi. Majuto. Hukurogwa, uchawi una gharama zake, na sidhani yuko aliyeona haja ya kukugharimia. Yaliyokusibu ni haya: ulipoitazama leso ile peke yako, shahidi wa uzuri wake ulikuwa wewe tu, na ushahidi wa mtu mmoja, hata akiwa muadilifu namna gani, hautoshi mbele ya kadhi; bali alipoishika yule bibi, shahidi wa pili akapatikana, na nafsi yako, ambayo ndiyo iliyokuwa imekalia kiti cha hukumu, ikahukumu papo hapo pasina kumuuliza shahidi yule kama naye hakuishika kwa sababu alikuona wewe umeishika.

Wala usione haya. Katika mji wako huo huo, enzi za bibi zako, vyama vya lelemama vya Ibinaal Watan na Banu Saada vilishindana kwa ngoma na karamu, hata pishi la upande huu likawa halina ladha mpaka lijulikane limezidi la upande ule. Linalonishughulisha mimi ni jina la leso yako, ambalo hukulitaja, nami nakhofia hukulisoma. Ikiwa ni la kumsuta jirani, na wewe na jirani zako wote mnasikilizana, basi iache kabatini.

Vinginevyo mtafute yule bibi umuuzie. Sikwambii umdanganye kwamba wako wengine wanaoitaka. Waalike tu shoga zako wawili siku hiyo, uikunjue mbele yao, kisha unyamaze.

*Bwana Nasaha, nimenunua mnadani saa ya ukutani isiyokwenda, kwa kuwa bwana mmoja hakukoma kupandisha bei. — Mshindi, Tanga*

Bwana Mshindi, ulichonunua si saa, ni kushindwa kwa bwana yule, na hicho hakitiwi ufunguo. Faraja yako iko Uholanzi, ambako majira ya baridi ya mwaka 1636 watu wenye akili zao timamu walikaa vilabuni wakiuziana vitunguu vya maua ya tulipu ambavyo vilikuwa bado chini ya ardhi, maadamu kila mnunuzi aliamini kwamba nyuma yake yuko mwingine; na yaliyotukuzwa kuliko yote yalikuwa maua ya michirizi, ambayo baada ya karne kadhaa ilidhihirika kuwa ni maradhi ya virusi. Februari 1637, mjini Haarlem, vitunguu vilinadiwa na wanunuzi wakanyamaza, na bei zikaporomoka. Wewe walau una kitu cha kutundika.

*Bwana Nasaha, binti wa ami yangu niliambiwa nimuoe tangu zamani, nikakataa. Mwezi uliopita ameposwa na mwalimu wa Pemba, na tangu hapo silali. Nipeleke posa? — Mwenye Mashaka*

Mwanangu, sharia imekataza kuposa juu ya posa ya nduguyo, kwa hiyo swali lako limekwisha kujibiwa na waliokuzidi wewe na mimi. Limebaki la usingizi. Mwanachuoni Mfaransa René Girard, katika kitabu alichokitoa mwaka 1961, alizichungua hadithi za mabingwa wa Ulaya akasema kwamba mtu hamtamani mwenziwe moja kwa moja, bali hupitia kwa mtu wa tatu, ambaye humuiga na kumchukia kwa wakati mmoja. Kwa hivyo jaribu hivi: ukilala, mfikiri binti wa ami yako yu kwao, hana mchumba, hana mposaji, anakuna nazi kama miaka yote uliyompita bila ya salamu. Ukisinzia, ndilo jawabu.

Barua yako ya pili, uliyouliza mwalimu huyo anapokea mshahara gani na viatu vyake anavinunua wapi, nimeipata, wala sitaijibu.