Mtaa Haupakiwi kwenye Begi

Mnorwe anayeshuka Phoenix, jimbo la Arizona, mwezi wa Julai huwa ameshatishika tangu kwao. Amejipaka mafuta ya kuzuia jua mpaka ndani ya masikio, amevaa kofia yenye ukingo wa kuwatosha watu watatu, na mkononi ana chupa ya maji ambayo haiachi hata akienda msalani. Nyuma yake, pale watu wanaposubiri mabegi, yupo mtu wa Tanga, au Mombasa, au Ilala, anamtazama na kucheka kimoyomoyo. Yeye aambiwe habari za jua? Kazaliwa Februari, kakulia chini ya bati, kalala usiku mzima umeme umekatika na feni inamwangalia tu. Ushauri karibu wote wanaopewa watalii wa Arizona humlenga yule Mnorwe, na mimi naona umepotea njia. Mnorwe atarudi kwao salama, maana anaogopa. Wa kushikwa mkono ni huyu anayecheka, kwa sababu ujuzi wa joto anaoringia haukuwahi kuwa wake. Ulikuwa wa mtaa wake, na mtaa haupakiwi kwenye begi.

Tuanze na tarakimu, maana ubishi wa jua ukiachiwa midomo hauishi. Dar es Salaam ikichachamaa, Februari au Machi, hufika nyuzi 32 au 33 za Selsiasi, na mji mzima hulalamika. Phoenix ilifika 50 tarehe 26 Juni 1990. Mwaka 2023, kuanzia 30 Juni hadi 30 Julai, zilipita siku 31 mfululizo na hakuna hata moja iliyoshindwa kufika 43. Lakini namba inayonitoa jasho mimi ni ndogo kuliko hizo: tarehe 19 Julai mwaka huo, kipimo cha chini kabisa cha siku nzima kilikuwa 36. Maana yake, saa zile za alfajiri ambazo kwetu watu huvuta shuka, Phoenix ilikuwa na joto kuliko Kariakoo saa saba mchana. Aliyelelewa kwa kauli ya "ngoja jua lipoe kidogo" atangoja mpaka Oktoba. Tena hata kuisoma hatari yenyewe ni kazi, kwa kuwa ubao wa barabarani umeandikwa 110 na yeye anadhani ni mwendo wa magari. Wamarekani hupima kwa Fahrenheit. Dawa ya haraka ni kutoa 30 kisha kugawa kwa mbili: utapata 40, utakuwa umejipunja nyuzi tatu, na kwa joto hilo nyuzi tatu hazibadilishi uamuzi wa kubaki ndani.

Sasa tuutazame huo mtaa tuliouacha nyumbani. Mtu wa Dar akitembea mchana hajui kwamba ana watumishi. Muuza madafu yuko kwenye kona na baiskeli yake: panga linapiga mara tatu, dafu linafunguka, unakunywa umesimama, kisha analipasua na kukuchongea kijiko kwenye ganda lake ule ile nyama laini. Ukikwama kwenye foleni, kijana anapita dirishani na maji ya baridi kabla hujahisi kiu. Kuna mwembe, kuna mwarobaini, kuna baraza ambayo wazee wake wanahama na kivuli tangu asubuhi bila kupeana taarifa. Ikifika alasiri bahari inaleta upepo, na hakuna anayeulipia. Ndiyo maana mtu wetu hana tabia ya kubeba maji. Hajawahi kuyafuata, yanamfuata yeye. Mpeleke huyu Phoenix, mwambie duka liko "hapo tu", uone. Barabara ina njia sita, hakuna kona yenye mtu, hakuna dirisha la kupitishiwa chochote. Fahari ya kienyeji ni ile midungusi mirefu iitwayo saguaro, inayoweza kupita mita 12, imeinua mikono juu kama inasalimia, na kivuli chake hakitoshi hata ubavu mmoja. Alasiri haileti nafuu: joto hufika kilele saa kumi au kumi na moja jioni, na mwishoni mwa Juni jua halizami mpaka saa moja na nusu imepita. Lami nayo hupita nyuzi 65, na kila kiangazi hospitali za pale hutibu watu walioungua kwa sababu tu walianguka barabarani. Basi hesabu mwenyewe safari ya mtu anayetoka chumbani pekupeku kwenda bwawa la kuogelea. Anaanza kwa mwendo wa heshima, anamaliza kwa mbio za mita mia, na ndala zake zimebaki uvunguni. Akirudi garini, kifungo cha chuma cha mkanda kinamwonyesha kilichokuwa kikiendelea humo madirisha yakiwa yamefungwa. Akifika hotelini anafungua bomba la baridi, yanatoka ya moto. Anafungua la moto, yanatoka yaleyale.

Hapo ndipo msomi wa kikundi hujibu: lile ni joto kavu, halina shida. Kuna ukweli ndani yake, na sitaukana. Mwili hujipoza jasho linapokauka, na kwenye hewa kavu jasho hukauka upesi, kwa hiyo nyuzi 35 za Phoenix kweli zinaweza kuvumilika kuliko 33 za Dar, ambako jasho linakaa mgongoni likisubiri kibali. Ila faida hiyo ndiyo mtego. Jasho likikauka kabla hujaliona, unaamini hutoki jasho, na usipotoka jasho huoni sababu ya kunywa. Kule mtu anayetembea juani anaweza kupoteza lita moja au zaidi kwa saa, shati likiwa kavu kabisa. Dar humlowesha mtu akalalamika na kutafuta maji. Phoenix humkausha kimyakimya kama ng'onda, na ng'onda halalamiki. Isitoshe, hewa ikiwa ya moto kuliko ngozi, upepo hauleti tena ubaridi, unaleta joto jingine. Kunywa kwa saa, usingoje kiu. Na ule kitu chenye chumvi, hata korosho, kwa sababu kujijaza maji matupu siku nzima bila chakula nako kunaweza kumlaza mtu hospitali.

Pingamizi la pili ni la damu: sisi tumezoea. Mwili huzoea joto kweli; ndani ya wiki moja au mbili hujifunza kutoa jasho mapema na kwa wingi. Lakini angalia ulichojifunza: kutoa jasho zaidi, yaani kuhitaji maji zaidi. Na mazoea hayo hayana uraia, huisha baada ya wiki chache za baridi, hivyo binamu aliyeishi Minnesota miaka yote hii asijitangaze kuwa mtoto wa pwani. Ushahidi mzito zaidi unatoka Phoenix yenyewe. Mwaka 2023, wilaya ya Maricopa, ambako mji huo upo, iliorodhesha vifo 645 vilivyohusishwa na joto. Wengi wa waliokufa hawakuwa watalii wala Wanorwe. Walikuwa wenyeji, wengi wasio na makazi, na miongoni mwa waliofia ndani, wengi kiyoyozi kilikuwa kimeharibika au hakikuwepo. Kama mazoea ya mwili yangetosha, hao wangekuwa wa mwisho kufa. Walichokosa ni ule mpangilio wa mji unaomkinga mtu, na mgeni anayetoka nje saa tisa kwa sababu "nimezoea" amejivua mpangilio huohuo kwa hiari yake.

Kuna watakaonitajia Lodwar ya Kenya, na watakaonitajia Maskati, ambako Waswahili wapo vizazi na vizazi na kiangazi hupita 45. Nawashukuru, wamenisaidia. Mtu wa Maskati hajigambi mbele ya jua. Mchana yuko ndani, na serikali ya Oman hupiga marufuku kazi za nje kuanzia saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu katika miezi ya Juni hadi Agosti. Anavaa nini? Kanzu pana, nyeupe, mpaka vifundoni. Mtu wetu naye anayo kanzu nzuri, imebaki kabatini Tanga. Kaja na kaptula na singlendi kwa sababu anakwenda Marekani.

Mahali majivuno haya yanapogharimu zaidi ni Grand Canyon, korongo kubwa la humohumo Arizona. Ukingo wake wa kusini uko kama mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, juu kidogo ya Njombe, na hewa yake ni ya namna hiyo, ya kuvaa kitu kizito asubuhi. Mtu anasimama pale na kaubaridi kake, anaona njia ya Bright Angel inateremka vizuri, anateremka. Aliyewahi kupanda Kilimanjaro ndiye hasa anayeponzeka, maana Kilimanjaro humtoza mtu mwanzoni: ukichoka, unageuka, na kurudi ni mteremko. Huku mambo yamepinduliwa. Kwenda ni rahisi, kila hatua inaongeza joto, na mto Colorado uko chini karibu kilomita moja na nusu kwa wima, ambako kiangazi nyuzi 43 ni jambo la kawaida. Unapogundua umechoka, deni lote bado liko mbele yako, linapanda. Walinzi wa hifadhi wanasihi watu wasitembee humo chini kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Mtu wetu hupiga picha saa tisa kamili akaituma nyumbani, na kwa kuwa Arizona iko nyuma kwa saa kumi, Dar ni saa saba usiku, na shangazi ambaye angemwambia "rudi hapo mara moja" amelala.

Phoenix nayo ina ujuzi wake, na mgeni hana budi kuuazima mzimamzima. Watu hutembea alfajiri, mchana huhamia ndani, na ndani kuna viyoyozi visivyo na huruma, kwa hiyo sweta ni vazi la Julai. Kwenye mkahawa utalitaka kuliko maji. Dhoruba ya vumbi ikikukuta barabarani, toka kabisa nje ya njia, zima taa zote na uondoe mguu kwenye breki. Dereva wetu atataka kuwasha hazadi, na hapo ndipo wa nyuma watakapofuata taa zake wakidhani ndiyo barabara. Mvua za kiangazi zikijaza korongo, usipite kizuizi ukisema Jangwani ya Dar tumevuka makubwa zaidi: tangu 1995 iko sheria, wenyewe wanaiita ya dereva mjinga, inayoweza kumtoza aliyeingia majini gharama za kuokolewa.

Litabaki swali la mhasibu: kwani lazima Julai? Si lazima. Desemba mpaka Machi jangwa lina hali ya kupendeza, na ukipanda milimani mpaka Flagstaff utakuta theluji. Ila hoteli za Scottsdale, mji jirani wa Phoenix, miezi hiyo zinakamua, na kiangazi hushusha bei, ndipo mtu wetu anapoona wenzake wote hawana akili ya biashara. Kabla hajalipa, ajiulize kwa nini wenyeji wenyewe, wenye nyumba na viyoyozi hapohapo, wamejaza magari na kukimbilia San Diego.