Siku Mashine Ilipokosa Moshi

Mvua ya Januari ikishika mtaa wetu wa Kikula, majani hayangoji mtu. Ukifyeka Jumamosi hii, Jumamosi ijayo yamekufika magotini, na nyoka hahitaji zaidi ya hapo. Lupango letu, kiwanja cha nyumba yetu, linateremka hadi mfereji wa maji. Kwa miaka mingi tulilifyeka kwa kupekupe, panga la kufyekea, wote tumeinama, hata Nkambo, mama mkwe wangu, alipokuwa bado na mgongo wake.

Ndipo bwana yangu akaleta kutoka Lubumbashi mashine ya kukata majani: fimbo ndefu ya kuning'iniza begani, nyuma injini ndogo, mbele kichwa chenye uzi wa nailoni. Nkambo alikishika kile kiuzi, akauliza kama ndicho kitakachokata majani. Kinakata kwa sababu ya mbio. Kikizungushwa maelfu ya mara kwa dakika hunyooka na kuwa kama wembe. Mmarekani George Ballas wa Houston alilibuni jambo hilo mwaka 1971 baada ya kutazama brashi za kuoshea magari zikizunguka. Alianza na kopo na uzi wa kuvulia samaki.

Bwana yangu ndiye aliyeitunza. Kila mara kabla ya kazi alichanganya esanse, yaani petroli, na mafuta ya injini: bidoni ya lita 5 za esanse, na ndani yake mafuta ya kujaa chupa ya dawa ya kikohozi, mililita 100. Alichanganya peke yake, nyuma ya nyumba, mbali na moto wa mbabula. Sisi tuliona mashine ikiwaka na kutoa moshi wa bluu, tukaridhika. Hakuna aliyeuliza, naye hakusema.

Mwezi wa pili akapata kazi ya wiki tatu Kolwezi. Alipoondoka tu, wazee wa upande wa mchumba wa binti yetu wakatuma habari kwamba wanaleta mahari Jumamosi. Ilibidi lupango lifyekwe kabla hawajafika.

Ijumaa mwanangu wa miaka 17 akaniambia, "Mama, bidoni ni tupu. Niende kununua esanse?"

Nikampa pesa kwa mkono wangu. Akajaza tangi, akavuta kamba, mashine ikaitika mara moja. Ililia kwa sauti nyembamba kuliko siku zote, na majani yakalala. Nilifurahi. Nkambo, aliyekuwa barazani akichambua matembele, ndiye aliyesema, "Leo haitoi moshi."

"Labda esanse ya leo ni safi, Mama," nikamjibu.

Robo saa haikuisha. Sauti ikapanda, ikakatika, kimya. Kamba haikuvutika tena, na injini ilikuwa ya moto hata mkono haukuweza kuikaribia. Nusu ya lupango ilikuwa imenyolewa, nusu imesimama. Tulishika kupekupe hadi giza. Kesho yake wageni walipokewa vizuri na mahari ikafika, lakini mwanangu hakula.

Jumatatu fundi akaifungua, akatuonyesha pistoni: ubavu wake umechubuka kama sufuria iliyosuguliwa kwa kokoto. Akatueleza kwamba injini ya gari ina tumbo lake la kuwekea mafuta, lakini injini hii ndogo haina. Mafuta yake huja ndani ya esanse. Ukiinyima, chuma kinakula chuma, na joto linakwamisha kila kitu. Ule moshi wa bluu ulikuwa alama kwamba inakula mafuta.

Bwana yangu aliporudi alikaa kimya, pistoni mkononi. Kisha akamwita mwanawe. "Mwanangu, hukukosa. Mimi ndiye niliyefungia mashine ya nyumba nzima ndani ya kichwa changu."

Hilo nalibeba hadi leo. Kitu kinachotumiwa na wote, kikijulikana na mmoja, kitakufa siku huyo mmoja akisafiri.

Pistoni na silinda vilipopatikana, somo lilifanyika uani, wote tumekaa. Chupa ya kikohozi ikafungwa kwa waya kwenye shingo ya bidoni. Tulijifunza kuosha sponji ya kuchuja hewa kwa sabuni na kuikausha, kugonga kichwa cha mashine chini ili uzi utoke, kuvaa buti na miwani, na kuwaweka watoto mbali, maana jiwe likirushwa na uzi linatoboa jicho. Mwezi wa tano, mvua ilipokwisha, tulimwaga esanse yote na kuiacha injini iwake hadi izime yenyewe, kwa sababu esanse iliyolala miezi mingi huziba njia zake.

Novemba majani yalirudi. Safari hii binti yetu ndiye aliyepima na kuchanganya, kaka yake akavuta kamba. Nkambo aliinua uso kutoka kwenye matembele yake.

"Moshi upo?"

"Upo, Nkambo."

"Basi kateni."