Jinsi ya Kumsitiri Asiye na Makazi Bila Kumpa Nyumba

Ndugu mbunifu, nyumba ina kero nyingi: hati, msingi, mabomba, majirani. Kibanda cha kukunja hakina hata moja, tena kinatoka vizuri kwenye picha. Twende polepole.

Kwanza, shona koti. Mwaka 1992 Lucy Orta, akiwa Paris, alianza kushona mavazi yanayogeuka hema. Miaka miwili baadaye Kosuke Tsumura wa Japani akatoa koti la nailoni lenye mifuko 44; baridi ikizidi, mvaaji anaijaza magazeti. Wewe weka 50. Hakuna atakayeuliza ya nini. Watahesabu tu.

Pili, na hapa nisikilize kwa makini: usimuulize atakayelala humo. Msanii Michael Rakowitz aliuliza, ona yaliyomkuta. Alikuwa ameona Jordan jinsi Mabedui wanavyosimamisha mahema kwa kufuata upepo. Mwaka 1998, kule Massachusetts, akatengeneza hema la mifuko ya plastiki linalotunishwa na hewa ya moto inayotoka kwenye matundu ya majengo. Akachagua mifuko myeusi, kwa heshima zote, ili mtu apate faragha. Walalaji wenyewe wakaikataa. Walitaka kumwona anayewanyemelea usiku kabla hajawafikia, na walitaka nao waonekane. Akaanza upya na mifuko inayopitisha mwanga. Mmoja wa New York akataka lake lisifike kimo cha futi 3.5, maana kuanzia hapo sheria ingeliita kambi. Polisi walipokuja, wakapima, wakaenda zao. Haya, mteja akishakuwa na akili kiasi hicho, sifa zako zitabaki wapi?

Tatu, tia magurudumu. Krzysztof Wodiczko, New York, mwaka 1988, alibuni kitoroli chenye pua ya chuma kama roketi. Ukiifungua pua unapata beseni la kunawia. Sehemu kubwa ilikuwa ya makopo matupu, kwa sababu alishauriana na waokota makopo wenyewe, ambao kila kopo liliwaingizia senti 5. Kosa lilelile! Wewe baki na roketi, makopo achana nayo.

Nne, tengeneza kimoja tu. Ukitengeneza viwili, kuna mtu ataomba cha tatu. Kiite sampuli, na kiendelee kuwa sampuli mpaka ustaafu.

Ukialikwa kuzungumza mkutanoni, hakikisha meza kuu haina mama wa Kisomali kutoka jamii ya wafugaji. Yeye hukunja fito na mikeka ya aqal, nyumba yake, akaipakia kwenye ngamia, na huko wanakohamia akaisimamisha tena. Hana mchoro wala tuzo. Atakuuliza ngamia wako yuko wapi, na ukumbi mzima utacheka.

Mwisho, usigombane na manispaa. Mwaka 2012 halmashauri ya Camden, London, iliweka mabenchi ya zege yaliyochongwa kwa miteremko ili mtu asiweze kujinyoosha. Wengine waliandika malalamiko. Wewe andika barua ya kuomba kazi. Nani anamjua mlalaji kuliko wewe uliyemshonea koti? Benchi la kumwamsha, hema la kumlaza, zote zako. Ila ankara tenganisha, na ya benchi itangulie, maana hiyo ndiyo inayolipwa kwa wakati.