Yah: Shukrani kwa shilingi 2 na senti 74

Kwa Mwenyekiti na Wajumbe,
Kamati ya Lishe ya Halmashauri Yetu,
Nyanda za Juu Kusini.

Waheshimiwa,

Husikeni na somo tajwa hapo juu. Mkataba wa lishe, ule ambao wakuu wa mikoa waliusaini mbele ya Rais pale Dodoma mwaka 2022, unaitaka kila halmashauri itenge Sh1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano. Nimezigawa kwa siku 365. Mtoto anapata shilingi 2 na senti 74 kwa siku, na kwa kuwa sarafu ndogo tunayoshika siku hizi ni ya 50, akivumilia siku 19 anaipata moja nzima. Tunashukuru. Tungeshukuru zaidi kama hata hiyo ingefika.

Njaa hatuna. Mkoa wa Iringa unalisha mikoa mingine, na kwenye utafiti wa kitaifa wa 2022 ukaongoza kwa udumavu: asilimia 57 ya watoto, taifa zima likiwa na 30. Mahindi yamejaa ghalani, maziwa na mayai yanapanda gari kwenda mjini, mtoto anabaki na uji wa sembe. Upungufu wa damu nao unawagusa karibu watoto 6 kati ya 10 nchini. Najua takwimu hizi mnazo, ziko kwenye slaidi yenu ya pili.

Aliyedumaa hana haraka, anakaa nyumbani. Anayeletwa wodini ni yule mwenye utapiamlo mkali: utepe ukizungushwa mkononi unasoma chini ya sentimita 11.5, kwenye rangi nyekundu. Au miguu imevimba, ukibonyeza kwa kidole gumba shimo linabaki. Viganja vyeupe. Majirani walishasema kabemendwa, ndiyo maana mama alianza kwa mganga, akiona haya kwenda zahanati.

Hapo wodini ndipo nilipoielewa hekima ya kamati. Mtoto wa namna hiyo halishwi kwa pupa. Hupewa maziwa ya F-75, kidogo kidogo, kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana, kwa sababu moyo na figo zake haziwezi kubeba zaidi. Hata dawa ya madini chuma haanzishiwi siku ya kwanza, ingawa damu ni haba. Inasubiri maambukizi yatulie na hamu ya kula irudi, kwa kawaida wiki ya pili. Kuongezewa damu ni kwa yule ambaye himoglobini imeshuka chini ya gramu 4 kwa desilita, au iko kati ya 4 na 6 huku anahema kwa shida, na hata huyo inamwingia polepole kwa saa tatu.

Nanyi ndivyo mnavyolitoa fungu la lishe: tone kwa tone, akaunti isije ikashtuka. Ila wodini, mtoto akitulia, F-75 inaipisha F-100, kisha chakula dawa, ile karanga ya pakiti yenye kilokalori 500. Fungu lenu liko hatua ya kwanza tangu lilipolazwa. Hajatokea hata wa kulipima uzito.

Nilipata kuchungulia kikao chenu cha robo mwaka. Akidi ilitimia. Kila mjumbe alikuwa na chupa ya maji ya nusu lita, vitafunwa na bahasha. Mtoto wa kilo 6 aliye kwenye F-75 hupewa kama mililita 100 kila baada ya saa tatu, kwa hiyo chupa moja ni milo yake mitano. Bahasha sikuifungua, siwezi kusema walikuwamo watoto wangapi. Ajenda ya “yatokanayo” ilichukua asubuhi nzima, na yaliyotokana ni kikao kingine.

Ombi langu ni kwamba hicho kingine kifanyike wodi ya watoto. Viti havipo, vitanda vingine vina watoto wawili wawili, lakini kina mama watasogea kuwapisha. Chai iletwe kwa kikombe kile kile cha mililita 100, kila baada ya saa tatu, na ya saa tisa usiku isirukwe. Mjumbe atakayefika bila ndugu wawili wa kuchangia damu aambiwe kama wanavyoambiwa kina mama: nenda katafute, kisha urudi.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mzazi

Nakala: Mweka Hazina, akiwapo ofisini.